Samaki wa Ukubwa wa Kidole

Mama Achieng',

Nimekaa hapa nyuma ya jikoni, miguu yangu iko ndani ya karai la maji moto ya chumvi. Ni Jumapili, saa tisa hivi za mchana. Sikuenda kanisani. Mzee wangu aliuliza kama mimi ni mgonjwa, nikamwambia hapana, nimechoka. Akaniangalia, akavaa koti lake, akaenda. Kwetu mwanamke akisema amechoka, watu hudhani ameudhika na anatafuta njia ya adabu ya kusema. Mimi nimechoka tu. Mgongo, magoti, vidole, na kitu kingine huko ndani ambacho hata daktari hawezi kukipima.

Naandika kwa daftari la zamani la Chepkoech wangu, lile la hesabu, kurasa za nyuma zilikuwa bado safi. Sijui barua ya mtu aliyezikwa hutumwa wapi. Pengine haitumwi. Lakini kuna jambo nilikudanganya ukiwa kitandani, na nimelibeba mwaka mzima na zaidi, na wiki hii limetoka mbele ya watu, mbele ya mama yako mzazi. Kwa hivyo ni haki ulisikie kwangu pia, kwa sababu wewe ndiye uliyedanganywa.

Ni ile habari ya majike. Nilikwambia nimewatoa. Sikuwatoa, Mama Achieng'. Hata mmoja.

Haya, nimesema. Sasa wacha nipumue kidogo niendelee polepole.

Unakumbuka ulivyokuja hapa mara ya kwanza? Baba Achieng' alikuwa amepata kazi ya kulisha kuni boila ya kiwanda cha chai, mkapanga kile chumba karibu na kituo cha kuuzia majani, na wewe ukaja kwangu kutafuta maziwa. Ulisimama hapo uwanjani na jagi lako, ukatazama chini bondeni, pale pembeni ambapo chai ilikataa. Maji hutoka yenyewe pale mwaka mzima. Baba mkwe alipanda miche ikageuka manjano ikafa. Mzee naye akapanda, ikafa. Wewe hata maziwa hujapimiwa, ukasema, "Hapa si pa chai. Hapa ni pa samaki." Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Samaki na sisi wapi na wapi? Mama mkwe alikuwa akiwaita nyoka wa maji, na alienda kaburini bila kuonja hata mfupa.

Lakini ulikuwa mbishi. Woi, ulikuwa mbishi wewe! Ulinipigia hiyo kelele miezi minne. Ukaniambia shamba la baba mkwe limegawanywa kwa vijana saba mpaka kila mmoja amebaki na mistari ya chai ambayo mtu anachuma na kumaliza kabla ya uji kupoa, na sasa vijana wetu nao wanataka yao, na mimi nimekaa na pembe nzima inalala bure kwa sababu eti ina maji. Hilo lilimwingia Mzee. Alikuwa amekaa akisikiliza huku akijifanya anatengeneza mpini wa jembe. Wiki iliyofuata alianza kuchimba.

Na ile safari yako ya kuleta vifaranga vya samaki kutoka kwenu ziwani! Ulikuja na mtungi wa lita ishirini umeukumbatia mapajani, kifuniko wazi, umekoroga yale maji na mkono njia nzima ndiyo wasikose hewa, mpaka mkono ukavimba. Ulishuka ukiwa umelowa kama mtu aliyeanguka mtoni. Ulimwaga taratibu, ukaacha kwanza maji ya mtungi yazoee baridi ya maji yetu, na mimi nikasema ndani ya moyo, huyu mama anawatunza hawa kuliko watu wengine wanavyotunza watoto.

Mara ya kwanza ulifanya kazi yote wewe, mimi nikishika tu ndoo. Samaki walipofika urefu wa kiganja, tuliwavuta na neti ya mbu, ukawa unawashika mmoja mmoja, unamgeuza tumbo juu, unamwangalia karibu na mkia. Matundu mawili ni dume, matatu ni jike. Dume anarudi majini, jike anaingia sufuria. Nilikuuliza kwa nini unaua wazazi. Ulisema jike wa ngege, hawa samaki wetu, huzaa kabla hata hajamaliza kukua, na anazaa tena, na tena, na wale watoto nao wakifika urefu wa kidole wanazaa, na kidimbwi ni kilekile, chakula ni kilekile, kwa hivyo wote wanabaki vidole. Ukanipiga begani. "Samaki si ng'ombe, Mama Chepkoech. Ukitaka wengi utapata wengi, lakini hutakula."

Nilisikia. Sikuamini. Niliitikia tu kama watu wanavyoitikia mahubiri.

Halafu tulivuna wale madume na nikaona sahani haitoshi samaki, mkia umetoka nje. Mzee alikula na macho yamefungwa akiogopa miiba. Akamaliza. Akauliza kama kuna mwingine. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Hiyo siku naikumbuka sana, sijui kwa nini, hakuna kitu kikubwa kilitokea. Tulikula tu.

Tukaweka kundi la pili, na hapo ndipo tumbo lako lilianza. Ulisema ni vidonda. Ukasema ni chakula cha jioni. Mwishowe ulilazwa hospitali ya Kapkatet, na mimi nikawa nakuja Jumanne na Ijumaa nikishamaliza kupeleka majani kituoni. Ulikuwa umekonda mpaka pete inazunguka kidoleni, lakini hukuniuliza habari ya maombi wala ya dawa. Uliuliza wamefika wapi. Nikakwambia wamefika kiganja. Ukasema, "Basi toa majike wiki hii. Usingoje." Ukanishika mkono, mkono wako ulikuwa moto. Na ukasema lile neno lingine, la siku ya kukukumbuka, kwamba ikifika tusichinje kuku. "Watu wangu wakija, wape samaki wetu. Kila mtu wake mzima. Waone kwamba nilifanya kazi huku."

Nilirudi nyumbani nikiwa na nia. Nakuapia. Kesho yake asubuhi nilivaa gambuti, nikavuta neti peke yangu, nikamshika wa kwanza, nikamgeuza. Matundu matatu. Nikamtazama, mdomo wake umefura. Nikaubonyeza kidogo, nikaona ndani wamejaa watoto, wadogo kama mbegu za nyanya, wana macho. Alikuwa amewabeba mdomoni. Ulikuwa umeniambia kwamba akiwabeba hali chochote mpaka watoke, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Wengine walianguka majini, na nilipomshusha karibu na maji vile vitoto vilirudi vikaingia mdomoni kwake tena.

Mama Achieng', wewe ulikuwa unakufa, na mimi nilikuwa nimeshika huyo.

Na kuna lile la kwetu pia. Mimi nimezaliwa kwa watu ambao hawachinji mtamba. Dume tunachinja, dume tunauza, dume tunapeleka kwa karamu. Lakini jike anayezaa? Hata mwaka wa njaa baba yangu aliuza mabati ya nyumba, hakugusa majike. Nimefundishwa tangu nikiwa na meno ya utoto kwamba mali ni ile inayozaa. Sasa nisimame bondeni nitoe tumbo la kila mama, nibakishe madume matupu? Mkono ulikataa. Nilirudisha wote. Nilifanya kinyume kabisa. Jioni hiyo nikatoa madume sita nikawapika, nikaacha majike wote.

Ijumaa uliniuliza kama nimetoa. Nikasema nimetoa. Ukauliza walikuwa wangapi. Nikasema themanini na mbili. Sijui hiyo namba niliitoa wapi, ilikuja tu mdomoni ikiwa tayari imevaa nguo. Ulifunga macho ukasema vizuri. Ukalala. Na Jumatano nikapigiwa simu.

Baada ya mazishi kwenu nilirudi nikiwa kama mtu aliyegongwa kichwa. Asubuhi nachuma chai, mchana nakama, jioni nashuka bondeni. Na samaki walikuwa wengi, weh! Ukirusha konzi ya pumba maji yanachemka kama sufuria ya mahindi. Watu walikuwa wanatoka hata Merigi kuja kuona. Nilijivuna, sitakuficha. Nilisema, ona, Mama Achieng' ameenda lakini alivyovileta vinaongezeka. Nilikuwa nakaa ukingoni nawaangalia wakizidi, na kila kizazi kipya kilikuwa kinanipoza roho. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba wakiwa wengi zaidi kufa kwako kutapungua. Upuzi. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na nikawalinda vibaya. Unamkumbuka yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, yule ulisema tumwache kwa sababu anapunguza vitoto? Nilimfukuza. Nilifunga kamba na karatasi za nailoni juu ya maji yote. Mdiria naye, yule ndege mla samaki, nikamtupia mawe. Nikaongeza chakula, maganda, mboga, ugali uliobaki. Yaani kila kitu ambacho kingewapunguza, mimi nilikiondoa kwa mikono yangu. Kisha nikakaa nikingoja wakue.

Hawakukua. Miezi mitatu, kidole. Miezi mitano, kidole. Lakini matumbo yao yalikuwa ya mayai, midomo imefura, vidole vinazaa vidole. Chepkoech alikuja likizo akavuta neti, akaniambia, "Mama, hawa si watoto. Hawa ni wazee wadogo." Mzee akasema kidimbwi kimefanana na shamba la baba yake, kila mtu ana kipande na hakuna anayeshiba. Alicheka mwenyewe. Mimi sikucheka.

Mwezi wa saba ukaja na ile baridi yetu, ukungu siku nne jua halionekani. Siku ya tano asubuhi nilishuka nikawakuta wote juu, midomo wazi, wanavuta hewa. Maji yalikuwa kijani nzito yananuka. Nilichota maji ya chemchemi na ndoo nikimwaga kutoka juu ili hewa iingie, nilimwaga mpaka mikono ikafa ganzi, na walikuwa wanageuka mmoja mmoja, tumbo juu. Na unajua nani walikufa kwanza? Wale wachache waliokuwa na ukubwa. Wakubwa wote walikufa. Wadogo wakabaki. Nilijaza magunia mawili nikazika chini ya migomba, nikalia kama mtu aliyefiwa upya.

Nilijiambia, basi, Mungu amewatoa yeye mwenyewe, sasa waliobaki watapata nafasi wakue. Kumbe wapi. Walipata nafasi wakazaa. Kufika mwezi wa kumi walikuwa wamejaa tena vilevile, kana kwamba hakuna aliyewahi kufa. Nilisimama pale nikahisi uchovu ambao sijawahi kuusikia hata nikiwa na mimba ya mapacha. Nilikuwa nimewapenda bila hesabu na hawakuwa na shukrani yoyote, samaki hawana shukrani, wana midomo tu.

Na siku yako ilikuwa inakuja. Mama yako alipiga simu. Akasema walishafanya maombi huko kwenu, lakini anataka kuja huku mwenyewe, aone mahali mtoto wake aliishi, aone hicho kidimbwi alichokuwa anamsimulia kila wiki kwa simu. Akina mama wa kanisa wakasema tufanye ibada hapa kwangu. Nikasema ndiyo karibuni. Nini kingine ningesema? Nikakata simu nikakaa chini palepale kwenye majani.

Samaki mzima kwa kila mtu. Na mimi nina vidole.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinitukane kabla hujamaliza. Nilienda Bomet mjini siku moja kabla, nikanunua ngege kumi na wawili, wakubwa, wa ziwani. Mzee ndiye aliyetoa wazo, lakini miguu iliyoenda ni yangu. Nilijiambia ni kwa heshima yako. Nikawasafisha nikiwa nimefunga mlango wa jiko, nikawakaanga, nikaweka nyanya na vitunguu vile ulivyonifundisha, mchuzi usifunike kichwa. Wageni walikuja. Mama yako, shangazi yako mmoja, Achieng' wako. Woi, Achieng' amekuwa mwanamke, Mama Achieng', ameingia chuo cha ualimu na anatembea kama wewe, mkono mmoja kiunoni. Tuliimba, tukaomba, mchungaji akafupisha kwa sababu aliona mvua. Nikapakua. Kila mtu wake mzima. Akina mama wa kanisa wakapiga makofi.

Mama yako alimwangalia samaki wake kwanza. Akainua pezi na kidole. Akamega kidogo pale shingoni, akatafuna polepole, akaweka mkono chini. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Huyu ni wa kwetu. Huyu nimesafiri naye."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunisuta. Alikula akamaliza, kwa sababu kumwacha samaki ni dharau, akanawa, akasema, "Sasa nionyeshe wa mtoto wangu."

Tulishuka bondeni watu wote, na matope yale, akina mama wameinua sketi. Nilirusha pumba. Maji yakachemka. Alichota na karai mara moja tu, akawapata labda ishirini, akamshika mmoja, akambonyeza mdomo, akaona mayai. Akamrudisha. Kisha akasema, si kwangu, alikuwa anajiambia mwenyewe, "Kumbe hakujua. Alikuwa ananidanganya kwa simu. Mtoto wangu hakujua samaki."

Mama Achieng', ningevumilia kila kitu. Ningevumilia kuitwa mwongo wa sokoni, na kuchekwa na kanisa zima mpaka Krismasi. Lakini kuona yule mama mzee anasimama kwenye matope yangu anakuondolea sifa yako, wewe uliyebeba ule mtungi, wewe uliyekuwa unakufa na bado unauliza wamefika wapi? Hapana. Nilisikia mdomo wangu umefunguka. Nikasema mbele ya wote, "Alijua. Alinifundisha vizuri. Mimi ndiye sikufanya. Aliniambia nitoe majike, nikamwambia nimetoa, na sikutoa. Nilimdanganya akiwa kitandani, na siku tano baadaye akafa." Nikasema yote, hata ile themanini na mbili.

Mvua ilianza, ile nyepesi. Shangazi yako aligeuka akapanda juu, na akina mama wakamfuata mmoja mmoja. Mama yako akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka juu ya jiwe, akafunga leso kiunoni. Akauliza neti iko wapi.

Alikaa kwangu siku tatu. Siku ya kwanza tulifungua mfereji tukapunguza maji mpaka magotini. Siku ya pili na ya tatu tulichagua, yeye, mimi na Achieng', tangu asubuhi mpaka jua la jioni. Karai la kubaki, karai la kutoka. Ana miaka zaidi ya sabini na alikuwa anawasoma kwa kidole gumba bila hata kuangalia. Mimi ilibidi nivae miwani ya Mzee. Alipompata mama mwenye mdomo umejaa alimbonyeza akamwaga vitoto kwenye majani, akamtupa karai la kutoka, akachukua mwingine. Mara ya kwanza niligeuza uso. Akaona. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha polepole, "Mimi nilizaa tisa, wamebaki wawili, na hakuna aliyeniuliza nichague. Wewe umeulizwa. Chagua."

Nikachagua. Vidole vyangu vimechubuka na mapezi mpaka siwezi kuchuma, na majani yanapita kimo mtini, Mzee analalamika. Sijali. Tulibakisha madume mia moja na tisini. Wale wengine tulikaanga wakavu, tukagawa mlima wote, kuna nyumba huku zilizokula samaki kwa mara ya kwanza na sasa wanauliza kama kuna wengine. Zile kamba za nailoni nimezitoa. Jana yule ndege wa nyundo alirudi akasimama ukingoni kama mwenye shamba, nikamwacha. Mama yako ameahidi kunitumia kambare wawili wadogo, wale mnaowaita mumi, wamalize vitoto vitakavyotokea kwa jike aliyeniponyoka. Anasema jike wa kuponyoka hakosekani.

Maji sasa yametulia. Nikirusha pumba hayachemki, wanakuja wachache wanachukua wanaenda. Sijazoea. Nashuka pale na naona kidimbwi ni kitupu, na wewe pia haupo, na siwezi tena kujifanya hayo ni mambo mawili. Nimekulilia wiki hii kuliko siku ya mazishi. Huu uchovu nadhani ni huo.

Lakini kilichonifanya nichukue daftari ni Achieng'. Jana asubuhi wakijiandaa kuondoka, alikuja jikoni nilipokuwa nikifunga samaki wa njiani, akasimama mlangoni, mkono kiunoni. Akaniuliza kwa nini nilikudanganya. Hakuuliza kwa hasira. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka mama yake apumzike akiwa na furaha, asiondoke na mzigo wa samaki kichwani. Akasema, "Auntie, Mama angefurahi zaidi kukugombeza."

Nimelala na hilo neno na nimeamka nalo. Ni kweli, rafiki yangu. Ungefungua yale macho. Ungenyanyuka kwa kiwiko mbele ya manesi wote, ungeniita kichwa cha mbuzi, ungenituma nirudi palepale na gambuti zangu, na pengine ungekula ile siku, kwa sababu wewe ukishagombana na mtu ulikuwa unakula vizuri. Ulikuwa bado una siku tano, na mimi nilikupa uongo mzuri ukalalia. Nilikunyima ugomvi wako wa mwisho. Nisamehe hilo kwanza, kabla ya samaki.

Nakuahidi nitaendelea kuwatoa, kila wanapofika kiganja, hata mkono ukikataa. Na mwakani mama yako akirudi atawekewa sahani kutoka kwa maji haya, na akisema hapana, hawa bado, nitarudia. Lala salama, Mama Achieng'. Kongoi, asante kwa yote. Na kama huko uliko watu wanaruhusiwa kupiga kelele, basi nigombeze. Niko hapa, nasikiliza.

Ni mimi wako,
Mama Chepkoech